Hofu Iliyorudi Si Imani Iliyopotea

Leo tunaweka mbele yenu jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa sauti ya chini, baada ya Misa, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika. Ni habari ya mwamini aliyepata kuugua ugonjwa wa wasiwasi, akapewa dawa, akazimeza kwa uaminifu miaka mitano, saba au kumi. Katika miaka hiyo alilala usingizi, alilima, alifundisha, alilea watoto, alisimama mbele ya kwaya bila kutetemeka. Kisha, pasipo sababu anayoweza kuionyesha kwa kidole, ile hofu ya kale ikarudi. Moyo unakwenda mbio usiku wa manane. Pumzi inakuwa fupi. Mikono inatoa jasho, tumbo linasokota, na akili inazunguka juu ya jambo moja kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mtu huyo anazijua dalili hizo kama ajuavyo hatua za mgeni asiyemtaka. Na swali linalomtesa kuliko hofu yenyewe ni hili: je, miaka yote ile ilikuwa ya bure?

Jibu letu ni kwamba haikuwa ya bure. Kurudi kwa wasiwasi si ushahidi kwamba dawa zilikuwa udanganyifu, wala si ushahidi kwamba imani imekufa. Ni ugonjwa uliorudi, kama pumu irudivyo majira ya vumbi, nao unapaswa kupokewa kama tunavyoyapokea magonjwa mengine yanayorudi. Tutazieleza sababu za kuamini hivyo, nasi tunaomba mzisome kwa utulivu, hasa ninyi ambao nyumbani kwenu kuna mtu anayemeza vidonge kwa siri.

Wasiwasi wa kawaida na wasiwasi ulio ugonjwa

Yapasa kwanza kutofautisha. Mkulima wa hapa Busunzu akishatia mbegu za mahindi na maharage ardhini, kisha akaona mwezi wa Novemba unakwisha na mvua zinasitasita, atakuwa na wasiwasi. Mama ambaye mtoto wake ana homa usiku, na zahanati iko mbali, atakuwa na wasiwasi. Wasiwasi wa namna hiyo ni mlinzi ambaye Mungu ametuwekea ndani ya mwili. Humwamsha mtu, humfanya atafute njia na msaada, na hatari ikipita naye hulala. Ugonjwa ni pale mlinzi huyo anapopiga yowe mchana na usiku, adui awepo au asiwepo, kwa miezi mfululizo, hata mwenye nyumba akashindwa kufanya kazi, kula na kulala.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na kati yao milioni 58 walikuwa watoto na vijana. Hakuna kundi lingine la magonjwa ya akili lenye wagonjwa wengi kuliko hilo. Shirika hilohilo linakadiria kwamba ni kama mtu mmoja tu kati ya wanne wenye ugonjwa huo anayepata matibabu. Kwa hiyo yule anayemeza vidonge vyake kila jioni si kioja cha kijiji. Ni mmoja wa wachache waliofikiwa.

Kwa nini unarudi?

Mwaka 2017 jarida la utabibu la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 28 ya tiba, yenye wagonjwa zaidi ya 5,000 waliokuwa wamepata nafuu kwa dawa. Baadhi yao waliendelea na dawa. Wengine walipewa vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na dawa ndani yake. Katika muda uliofikia mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia watu kama 36 katika kila 100 walioachishwa dawa, na watu kama 16 katika kila 100 walioendelea nazo.

Tuzitazame namba hizo mbili kwa makini, maana kila moja ina somo lake. Ya kwanza yatufundisha kwamba dawa inalinda kweli. Anayeiacha anajiongezea hatari zaidi ya maradufu. Ya pili yatufundisha kwamba ulinzi huo si ukuta usiopitika. Wale 16 walimeza vidonge vyao, na ugonjwa ukawarudia. Hawakukosa uaminifu. Hawakukosa sala. Walikuwa wagonjwa wa ugonjwa ambao tabia yake ni kwenda na kurudi.

Aidha, mara nyingi kuna jambo lililoufungulia mlango. Pengine dawa zilikosekana kituoni kwa majuma mawili, mgonjwa akaruka siku kumi akidhani haitadhuru. Pengine aliongezewa dawa ya ugonjwa mwingine inayopunguza nguvu ya ile ya kwanza. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, inajulikana kwa kufanya hivyo kwa dawa nyingi. Pengine tezi ya shingoni imeanza kufanya kazi kupita kiasi, nayo huleta mapigo ya moyo, jasho na kutetemeka vilevile kama wasiwasi. Pengine ni msiba, deni, ujauzito, mtoto aliyefeli mtihani, au mavuno yaliyoharibika. Pengine ni kahawa na pombe. Na pengine hakuna lolote linaloonekana. Ndiyo maana hatua ya kwanza iwe kurudi kwa mganga aliyemwandikia dawa, akapimwe na kuulizwa upya. Mtu asijihukumu mwenyewe akiwa kitandani.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakazi wa nyanda hizi za Buha tunalijua hilo kwa macho yetu. Tangu Warundi walipokimbilia kwetu kwa maelfu mwaka 1993, na kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, hata Nduta wilayani Kibondo ilipofunguliwa tena mwaka 2015, tumeishi karibu na watu ambao hatari yao ilibaki ng'ambo ya mpaka lakini hofu yao ilivuka pamoja nao. Mlango ukibamizwa, mtu mzima anashtuka. Hakuna mwenye busara aliyemwambia mkimbizi kwamba anashtuka kwa sababu hasali. Tulielewa kwamba mwili una kumbukumbu yake. Basi uelewa huohuo tuliowapa wageni tuwape na jirani zetu wa kuzaliwa.

Sauti tatu zinazomwumiza mgonjwa

Hofu inaporudi, mgonjwa husikia sauti tatu, nasi tunataka kuzijibu moja moja.

Sauti ya kwanza humwambia kwamba amerogwa, na kwamba vidonge haviwezi kushindana na kazi ya mikono ya watu. Sauti hii humtoa mgonjwa hospitalini na kumpeleka kwa mpiga ramli, ambako hutajiwa jina la jirani au shangazi. Wasiwasi wake hauponi. Badala yake sasa anamwogopa na shangazi. Familia moja inakuwa mbili, na mbuzi wameuzwa. Hatuhitaji kusema zaidi, kwa maana matunda ya mti huo yanaonekana.

Sauti ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu huvaa mavazi ya ibada. Husema: ukiwa na imani ya kweli, tupa dawa. Husikika katika mikesha ya maombi, na wakati mwingine hutoka katika vinywa vya watu wema kabisa wanaompenda mgonjwa. Ndugu zangu, tunaiheshimu sala ya kuombea wagonjwa. Kanisa limeifanya tangu siku za Mitume. Lakini sala hiyo haijawahi kudai kwamba mgonjwa amwonyeshe Mungu imani yake kwa kuitupa dawa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anafundisha kwamba tabibu ni kazi ya Mungu na kwamba dawa zimetoka katika ardhi aliyoiumba Yeye. Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya mara kwa mara, hakumkaripia kwa imani haba. Alimshauri atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Angalieni neno hilo: ya mara kwa mara. Timotheo alikuwa askofu, na ugonjwa wake ulikuwa wa kurudi.

Tena sauti hii ina hatari ya mwili iliyo dhahiri. Dawa nyingi za wasiwasi haziachwi kwa siku moja. Mtu akiziacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, hasira, na hisia kama za mshtuko wa umeme kichwani. Na kwa dawa za jamii ya diazepamu, aliyezitumia kwa muda mrefu akiziacha ghafla anaweza kupata hata degedege. Mwombezi anayemwamuru mgonjwa atupe vidonge usiku wa mkesha hatakuwapo siku ya nne, mgonjwa anapoanguka. Kwa hiyo tunasema bila kuzungukazunguka: hakuna mtu, awe katekista, kiongozi wa maombi au padre, mwenye mamlaka ya kumwachisha mgonjwa dawa. Kazi hiyo ni ya mganga, naye huifanya kwa kupunguza dozi polepole, majuma kwa majuma.

Sauti ya tatu husema kwamba mgonjwa amekuwa mtumwa wa dawa, nayo sasa imemzoea. Hapa pana chembe ya ukweli inayohitaji kupambanuliwa. Diazepamu na dada zake hutuliza haraka, lakini mwili huzizoea, hutaka zaidi, na kuzikosa huwa mateso. Ndiyo maana waganga makini huziandika kwa muda mfupi. Anayezinunua mwenyewe dukani mwezi baada ya mwezi yumo hatarini, na zaidi akizichanganya na pombe. Lakini dawa kama fluoksetini na setralini ni jamii nyingine. Hazimpi mtu ulevi wala hamu ya kuongeza. Hufanya kazi polepole, kwa kawaida majuma mawili hadi sita kabla ya nafuu kuonekana. Kuhitaji dawa hizo kwa miaka mingi si utumwa, kama vile mwenye sukari si mtumwa wa insulini na mwenye miwani si mtumwa wa vioo. Hofu ikirudi ilhali anazitumia, mganga anaweza kuongeza dozi, kubadili dawa, au kuongeza tiba ya mazungumzo. Mlango mmoja kulegea si nyumba yote kuanguka.

Waliotutangulia

Wapo wanaodhani kwamba watakatifu na wachungaji wakuu hawakuyajua mambo haya. Historia inasema vingine.

Mtakatifu Alfonsi Maria wa Liguori alizaliwa karibu na Napoli mwaka 1696. Alikuwa mwanasheria, akawa padre, akaanzisha shirika la Waredemptoristi mwaka 1732, akawa askofu mwaka 1762. Maisha yake yote alisumbuliwa na wasiwasi wa dhamiri, yaani ile hofu ya kutosamehewa inayomrudisha mtu kwenye dhambi ileile iliyokwisha kuungamwa. Uzee haukumponya. Katika miaka yake ya mwisho, akiwa amepita umri wa miaka 80, hofu hiyo ilimrudia kwa ukali, naye alishikilia neno la mwungamishi wake kama kipofu ashikavyo fimbo. Alifariki mwaka 1787. Mwaka 1871 Kanisa lilimtangaza Mwalimu wa Kanisa, na mwaka 1950 likamfanya msimamizi wa waungamishi. Mtu ambaye hofu ilimrudia hata uzeeni ndiye tuliyepewa kuwa msimamizi wa kazi ya kuwatuliza wengine. Tunaona katika uteuzi huo hekima kubwa.

Karibu na nyakati zetu, Papa Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, alizungumza mwaka 2019 na Nelson Castro, daktari na mwandishi wa habari wa Argentina, na mazungumzo hayo yakatoka kitabuni mwaka 2021. Alieleza kwamba wakati wa utawala wa kijeshi nchini mwake, alipokuwa mkuu wa Wajesuiti huko na kubeba siri za watu waliokuwa wakitafutwa, alikwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke, mara moja kwa juma kwa muda wa miezi sita, ili asaidiwe kuumudu wasiwasi wake. Zaidi ya miaka 40 baadaye hakusema kwamba wasiwasi ule ulitoweka. Alisema habari za kujifunza kuudhibiti, kutofanya maamuzi kwa pupa, na kutulizwa na muziki wa Bach. Tena alisema kwamba kila padre anapaswa kuijua saikolojia ya mwanadamu. Ikiwa Halifa wa Petro hakuona haya kulisema hilo mbele ya mwandishi wa habari, mwalimu wa shule ya msingi hana sababu ya kuona haya kulisema mbele ya mkewe.

Na turudi nyuma zaidi, kwa nabii Eliya. Baada ya ushindi wake juu ya mlima Karmeli, mtu huyu shujaa aliogopa, akakimbilia jangwani, akalala chini ya mti akiomba afe. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, kisha akamtuma malaika ampe mkate na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena! Mkate wa kwanza haukutosha. Basi malaika akamjia mara ya pili, akamgusa, akampa tena chakula, pasipo neno la lawama, akijua kwamba safari ni ndefu. Ndugu mgonjwa, ikiwa umekula mkate wa kwanza miaka mingi na sasa umelala tena chini ya mti, habari yako imekwisha kuandikwa. Mungu wetu hutuma msaada mara ya pili.

Yampasayo mgonjwa

Hofu ikirudi, usiache dawa wala usiongeze dozi kwa shauri lako mwenyewe. Nenda kliniki, ukichukua vidonge vyako na maboksi yake, pamoja na dawa nyingine zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba. Mweleze mganga ni lini dalili zilianza, umeruka siku ngapi, na nini kimebadilika maishani mwako. Maumivu mapya ya kifua yasidharauliwe kwa kusema ni wasiwasi tu, yapimwe. Mama mjamzito naye asiache dawa kwa hofu, bali amweleze mganga mapema.

Punguza kahawa. Iache pombe, maana ile ya ndizi na ile ya chupa zote hutuliza usiku wa leo na kuunoa wasiwasi wa kesho asubuhi. Tembea kila siku, lala saa zilezile. Moyo unapokwenda mbio, vuta pumzi polepole, kisha itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta, ukikumbuka kwamba wimbi hilo, hata likiwa kali namna gani, hupanda na kushuka.

Zaidi ya yote, usikimbie kila kinachokutisha. Wasiwasi hula kukimbia kwetu. Aliyeogopa umati kanisani akabaki nyumbani Jumapili moja, atapata nafuu ya siku hiyo, lakini Jumapili ya pili mlango wa kanisa utakuwa mrefu zaidi. Ni heri aje, akae benchi la mwisho karibu na mlango, atoke akizidiwa, na arudi. Juma lijalo asogee mbele benchi moja. Bandu bandu huisha gogo. Hii ndiyo njia ambayo wataalamu huifuata katika tiba ya mazungumzo: kukikaribia kitu kinachoogopwa kwa hatua ndogo ndogo, mpaka mlinzi wa ndani ajifunze upya kwamba hakuna adui.

Na yakija mawazo ya kufa, hapo hakuna kungoja kliniki ya juma lijalo. Siku hiyohiyo mwambie mtu, na siku hiyohiyo mpelekwe hospitali. Familia isimwache peke yake, na iondoe nyumbani sumu za kuulia wadudu, kamba na vyote vya hatari.

Yaipasayo jumuiya

Kwa muda mrefu, neno ugonjwa wa akili liliwakumbusha Watanzania jengo moja tu: Mirembe, hospitali iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, mamia ya kilomita kutoka hapa. Hata leo watoto hutukanana kwa jina hilo. Lakini tangu majaribio yaliyoanza Morogoro na Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwelekeo wa taifa umekuwa ni kuileta huduma hiyo katika hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati. Mwelekeo ni mwema, ila wataalamu bado ni wachache kuliko mahitaji, na vijijini ndiko upungufu unakouma zaidi. Ndipo inapoingia kazi ya waamini walei.

Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya basi, kama dola 15 za Marekani, ya kumrudisha hospitalini. Kutokana na msiba huo alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, jijini Harare, kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Washona huuita ugonjwa huo kwa neno lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, nasi hapa husema fulani ana mawazo. Matokeo ya utafiti juu ya mabenchi hayo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliohudumiwa na akina bibi hao walikuwa na dalili chache za wasiwasi na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tujiulize: akina bibi tunao, mabenchi tunayo, na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa uchungaji katika miaka ya 1970, zinakutana kila juma. Tunapungukiwa nini? Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mfuko wa jumuiya, ambao leo hutoa rambirambi za misiba, uwe na fungu la nauli ya kliniki. Kumchangia mtu sanda baada ya kukosa kumchangia nauli ni hesabu mbaya. Pili, kila jumuiya iwe na watu wawili wenye kifua cha kutunza siri, ambao kazi yao ni kumtembelea mgonjwa, kumsikiliza, na kumsindikiza hospitali. Wasihubiri sana, Bwana wetu mwenyewe katika bustani ya Gethsemane, alipojawa na huzuni na fadhaa, hakuwaomba rafiki zake mahubiri, aliwaomba wakeshe naye. Tatu, tuyaondoe midomoni maneno ya dhihaka. Mficha maradhi kilio humfichua, wasema wahenga. Lakini tukumbuke kwamba mtu huficha maradhi pale anapojua kuwa akiyafichua atachekwa.

Nasi mapadre tunayo sehemu yetu. Sakramenti za Kanisa zimejengwa kwa ajili ya watu wanaorudi. Kitubio hakitolewi mara moja maishani, na Ekaristi si mlo wa siku moja. Hata Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, kwa sheria ya Kanisa, unaweza kurudiwa pale aliyepata nafuu anapougua tena kwa uzito, au ugonjwa uleule unapozidi. Kanisa lilikwisha kujua kwamba magonjwa hurudi, nalo halikuona sababu ya kumwuliza mgonjwa kwa nini amekuja tena. Wasiwasi mzito unaomwangusha mtu kitandani, kwa maoni yetu, haustahili kubakizwa nje ya rehema hiyo. Kwa hiyo anayeteseka asiogope kubisha hodi. Atasikilizwa, ataombewa, na ataulizwa pia kama amekwenda kliniki.

Basi, kwa wewe uliyeanza na swali lile, kwamba miaka yote ilikuwa ya bure, tunakurudishia mahesabu yako. Watoto uliowalea katika miaka hiyo wapo. Mashamba uliyolima yalitoa chakula, kikaliwa. Wanafunzi uliowafundisha kusoma wanasoma. Hofu iliyorudi leo haina uwezo wa kwenda nyuma na kuyafuta hayo. Tena safari hii una mambo ambayo hukuwa nayo mara ya kwanza: unalijua jina la ugonjwa, unaijua njia ya hospitali, na unajua kwa kuonja kwamba nafuu ipo, kwa maana umekwisha kuishi ndani yake.

Juma hili, ndugu wapendwa, kila mmoja wetu amfikirie mtu mmoja aliyeacha kuonekana jumuiyani, aende akamsalimie nyumbani kwake, na asiwe na haraka ya kuondoka.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote. Tumsifu Yesu Kristo!